Utu na Unyama: Maadili ya Kuwafanyia Wanyama Majaribio ya Kisayansi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua hoja kuu zinazohusu uhalali wa kuwatumia wanyama katika majaribio ya dawa na vipodozi. Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga kuhusu suala hili. Nomino kama sungura, panya na nyani hazina kiambishi cha ngeli ya watu, lakini katika upatanisho wa kisarufi wanyama hao huungana na binadamu: husemwa sungura ameumia, wala si sungura imeumia. Hata hivyo, lugha hiyohiyo hutofautisha utu na unyama, na neno hilo la pili hutumika kutaja ukatili. Mvutano huo baina ya kumjumuisha mnyama na kumtenga ndio kiini cha mjadala unaofafanuliwa hapa.

2.0 Chimbuko la Majaribio

Mwaka 1937, dawa ya maji ya salfanilamidi iliuzwa nchini Marekani bila usalama wake kupimwa. Dawa hiyo ilikuwa imeyeyushwa katika kemikali yenye sumu, nayo iliua watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wengi. Sheria iliyopitishwa mwaka 1938 iliwataka watengenezaji wathibitishe usalama wa dawa kabla ya kuiuza, na majaribio kwa wanyama yakawa njia kuu ya kufanya hivyo. Aidha, Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na kesi ya madaktari wa Kinazi waliowatesa wafungwa, zilielekeza kwamba jaribio kwa binadamu lijengwe juu ya matokeo ya majaribio kwa wanyama. Kwa hiyo, utaratibu huu haukuzuka kwa ukatili mtupu. Ulikusudiwa kumlinda binadamu.

Vipimo viwili vilipata umaarufu mkubwa. Cha kwanza, kilichobuniwa na J. W. Trevan mwaka 1927, hutafuta kiasi cha kemikali kinachoua nusu ya wanyama waliopewa. Cha pili, kilichoelezwa na John Draize na wenzake mwaka 1944, huhusu kutia kemikali katika jicho moja la sungura na kulilinganisha na jicho la pili kwa siku kadhaa.

3.0 Hoja Zinazokinzana

Wanaotetea majaribio husema kwamba maisha ya mtoto mgonjwa yana uzito kuliko maisha ya panya, na kwamba kuacha kupima ni kuwageuza wagonjwa kuwa vyombo vya majaribio. Wapinzani wao hurejelea Jeremy Bentham, aliyeandika mwaka 1789 kwamba la msingi si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaweza kuteseka. Peter Singer aliiendeleza hoja hiyo mwaka 1975 kwa kudai kwamba maumivu yanayolingana yapewe uzito unaolingana, awe nani anayeumia.

Hapa panajitokeza utata usioepukika. Iwapo mwili wa mnyama hautofautiani sana na wa binadamu, matokeo yana manufaa, lakini uwezekano kwamba mnyama huyo huumia kama binadamu huongezeka. Iwapo unatofautiana sana, dhamiri hupata nafuu, lakini matokeo hupungua thamani.

4.0 Juhudi za Kupata Suluhisho

W. M. S. Russell na R. L. Burch walipendekeza mwaka 1959 kanuni tatu: kutumia mbadala wa mnyama inapowezekana, kupunguza idadi ya wanyama, na kupunguza maumivu yao. Mwaka 1980, Henry Spira aliongoza kampeni dhidi ya kampuni ya Revlon kuhusu kipimo cha Draize, na mwaka huohuo kampuni hiyo ikakubali kugharimia utafiti wa njia mbadala. Leo macho ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya kitoweo, pamoja na tishu zilizooteshwa kutokana na seli za binadamu, hutumika katika upimaji wa aina hiyo.

Sheria nazo zimebadilika. Umoja wa Ulaya ulikamilisha mwaka 2013 marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Marekani iliondoa mwaka 2022 sharti la lazima la kupima dawa mpya kwa wanyama, ingawa haikuzuia upimaji huo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia.

5.0 Hitimisho

Imedhihirika kwamba dawa ya kuokoa maisha na rangi ya midomo haziwezi kupimwa kwa mizani moja. Katika dawa, mhitaji ana hoja nzito, nayo humwachia mtafiti wajibu wa kuthibitisha kila mara kwamba hakuna njia nyingine. Katika vipodozi, anayeumia hana uchaguzi, na anayefaidika angeweza kukosa bila kudhurika. Ikiwa unyama ni jina la kumtesa asiyeweza kujitetea, basi sungura wa maabara hana sehemu katika maana ya neno hilo. Mwenye kuulizwa ni binadamu.