Jua la Saa Sita Usiku

Rekodi ya kwanza ni yetu wenyewe wa kusini mwa Tanzania. Tarehe 1 Septemba 2016 mwezi ulipolifunika jua na kuacha pete, kilele cha kupatwa huko kwa dunia nzima kiliangukia latitudo ya Masasi, porini upande wa Tunduru, saa sita na dakika saba mchana. Pete ilidumu dakika 3 na sekunde 6. Wageni na kamera walikuwa wamekimbilia Rujewa, Mbeya.

Mwanga ulififia siku ile, lakini nyutrino za jua ziliendelea kuja kama kawaida. Chembe hizi huzaliwa kwenye kitovu cha jua na kupenya mwezi, ukuta na mwili: bilioni 65 hivi kila sekunde katika kila sentimita mraba ya ngozi yako, mchana na usiku. Kuzinasa ndiyo kazi.

Aliyengoja kuliko wote ni Raymond Davis. Miaka ya 1960 alijaza tangi kwa tani 615 za dawa ya madobi wanaofua bila maji, karibu mita 1,500 chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, Dakota Kusini. Akawa anavuna atomi chache kwa mwezi, na kila akijumlisha anapata theluthi tu ya hesabu ya wanadharia. Wengi walimdhania amekosea. Nobel ilimfikia mwaka 2002, akikaribia miaka 88. Wakati huo kitendawili kilikuwa kimeteguliwa Sudbury, Kanada, kwa tani 1,000 za maji mazito ya kuazima: nyutrino hazipotei, hubadilika aina njiani.

Afrika nayo imo, ingawa haitajwi sana. Mwaka 1965, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi katika mgodi wa East Rand, Afrika Kusini, Frederick Reines na Friedel Sellschop walinasa nyutrino za kwanza za asili. Hazikutoka juani, zilitoka angani juu yetu. Nani aliyeteremsha vifaa vyote vya kuzinasia hadi huko chini? Wachimbaji Waafrika, ambao majina yao hayasomwi kwenye hotuba.

Kwa ukubwa, tangi lijalo litayafunika mengine yote ya nyutrino. Hyper-Kamiokande ya Japani, inayotarajiwa kuanza kazi kabla ya muongo huu kuisha, itabeba tani 260,000 za maji safi kupindukia. Hizo ni ndoo milioni 13 za lita 20. Mtu wa Newala, ambako kwa vizazi maji yamepandishwa kichwani kutoka mabondeni, ana haki ya kuguna.

China inashikilia rekodi mbili: maabara ya Jinping, yenye mita 2,400 za mwamba juu yake, na JUNO, tufe la tani 20,000 za kimiminika kinachomemetuka nyutrino ikigonga. JUNO ilianza kukusanya data Agosti 2025, na baada ya miezi michache tu ikapima vipimo vya mabadiliko ya nyutrino za jua kwa usahihi kupita vyote vilivyotangulia. DUNE ya Marekani, yenye argoni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, inajengwa palepale alipongojea Davis.

Rekodi ninayoisubiri mimi bado haina mwenyewe. Super-Kamiokande, mtangulizi wa ile kubwa, imeona dalili kwamba usiku hufika nyutrino za elektroni nyingi kuliko mchana, kwa asilimia 3 hivi, kwa sababu dunia yenyewe huzirudisha baadhi katika aina yake ya awali. Dalili si uthibitisho, na Hyper-Kamiokande inajengwa kwa sababu hiyo pia.

Hapa ndipo Ndanda, wilayani Masasi, inapoishinda Japani. Katikati ya Aprili, na tena siku za mwisho wa Agosti, jua la saa sita usiku huwa chini kabisa ya miguu ya Ndanda, na nyutrino zake hupita kwenye kitovu cha dunia, karibu kilomita 12,700, kabla ya kutokea sakafuni. Kamioka, yaliko matangi hayo ya Japani, haipati njia hiyo hata siku moja, kwa kuwa iko nje ya tropiki. JUNO imeingia kwa upenyo. Kinachokosekana kwetu ni mlima wa kuzuia miale ya angani: uwanda wa Makonde haufiki hata mita 1,000, kwa hiyo shimo lingebidi lichimbwe kwenda chini kabisa, na maji ya kulijaza yatoke kwenye chemchemi za Ndanda.