Je, Wajua? Kwa Nini Watu Hushika Mashairi

Je, wajua kwamba hapa Kimana, chini ya Kilimanjaro, ushairi ulikuwa na wenyewe kabla vitabu havijafika? Wamaasai wana eoko, tungo za sifa: morani hujitapa kwa ushujaa wake, na ng'ombe nao husifiwa. Naomi Kipury alikusanya fasihi simulizi ya Wamaasai katika kitabu kilichotoka mwaka 1983.

Je, wajua kwamba nyimbo za Wamaasai zina kiongozi? Olaranyani huanzisha, wenzake huitikia. Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, sherehe za rika ambamo nyimbo hizi huimbwa, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ni haki kuzilinda: wimbo usiorithishwa huzikwa na mwimbaji.

Je, wajua kazi ya vina na mizani? Mshororo wa shairi la kawaida la Kiswahili una mizani 16, yaani 8 na 8. Ukisahau neno, kina hukurudisha njiani. Mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki yapata 1840; tungo zake zilikaa vinywani mwa watu na katika hati za Mwalimu Sikujua hadi William Hichens alipozichapisha mwaka 1940.

Je, wajua kwamba utenzi maarufu kuliko nyingi za pwani uliandikiwa mtu mmoja tu? Mwana Kupona alimtungia bintiye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, ili amwachie wosia.

Na mshairi Abdilatif Abdalla je? Alifungwa mwaka 1969 kwa sababu ya waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" akatoka 1972. Gerezani alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Diwani yake, Sauti ya Dhiki, ilichapishwa 1973, na mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga! Kwangu mimi hakuna jibu zito kuliko hilo kwa anayeuliza ushairi una faida gani. Aliyenyimwa wa kusema naye alipata pa kusemea, na msomaji mwenye dhiki yake humkuta mwenziwe aliyetangulia kuisema.

Wanafunzi wetu hukutana na shairi katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE: bahari gani, vina vipi, uhuru upi wa mshairi. Wajifunze hayo, ni elimu. Lakini natamani walimu wa kaunti yetu ya Kajiado wawasomeshe kwanza kwa sauti, tena bila kalamu mkononi.

Je, wajua kwamba gazeti la Taifa Leo limechapisha mashairi ya wasomaji kwa miaka mingi, na kwamba malenga hujibizana humo kwa beti? Mkulima wa nyanya wa Kimana akituma swali lake kwa vina, huenda akajibiwa na mvuvi wa Lamu asiyemjua.