Waliopanda 52, Walioshuka 53: Utangulizi wa Masimulizi ya Wahamiaji wa Norwei

Tarehe 4 Julai 1825 merikebu ndogo ya tanga iitwayo Restauration iling'oa nanga Stavanger, kusini-magharibi mwa Norwei, ikiwa na watu 52. Ilipofika New York tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo, ilikuwa na watu 53. Huko baharini mke wa Lars Larsen Geilane, mmoja wa viongozi wa safari, alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Fanani wengi wa Kimarekani wenye asili ya Norwei huingilia mlango huo wanaposimama mbele ya hadhira: waliopanda ni 52, walioshuka ni 53. Mwaka 2025, safari hiyo ilipotimiza miaka 200, merikebu iliyoundwa kwa mfano wa ile ya kale ilitoka Stavanger tarehe ileile na kuingia New York tarehe ileile, na kisa cha mtoto kikasimuliwa upya pande zote mbili za Atlantiki.

Kuna kisa kingine cha safari hiyo ambacho nakipenda zaidi. Inasimuliwa kwamba karibu na kisiwa cha Madeira wasafiri waliona pipa likielea, wakalivuta, wakakuta limejaa mvinyo. Wakanywa. Merikebu ikaingia bandari ya Funchal ikiyumba, bila bendera, hata watu wa bandarini wakadhani imebeba maiti wa tauni, na mizinga ya ngome ikaelekezwa kwake. Sasa kumbuka abiria wenyewe walikuwa nani: wengi wao walikuwa Wakweka na wafuasi wa mhubiri Hans Nielsen Hauge, watu wacha Mungu walioikimbia nchi yao kwa kuwa kanisa la dola halikuwapa nafasi ya kuabudu walivyotaka. Kisa hicho kikisimuliwa mbele ya wazee wa kanisa, pipa laweza kupitiwa kwa sentensi moja. Kikisimuliwa jioni mbele ya vijana, pipa laweza kuchukua robo saa nzima, mlevi mmojammoja akipewa sauti yake.  Hati za serikali zinaonyesha kwamba chombo kilikamatwa kwa kubeba watu wengi kupita sheria ya Marekani, hadi Rais John Quincy Adams alipotoa msamaha mwezi Novemba.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi wa Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar hahitaji kufundishwa maana ya fanani, hadhira na utendaji. Amekulia ndani ya mambo hayo. Ndiyo maana namkaribisha katika uwanja huu kwa furaha: ana sikio ambalo watafiti wengi waliotangulia, waliozoea kutafuta ukweli kwenye karatasi tu, walilazimika kulitafuta kwa jasho.

Kwanza ajue ukubwa wa jambo lenyewe. Kati ya 1825 na miaka ya 1920 zaidi ya Wanorwei 800,000 walihamia Amerika Kaskazini. Ukilinganisha na idadi ya watu waliokuwapo, ni Ireland pekee barani Ulaya iliyopoteza sehemu kubwa zaidi. Sababu kuu ilikuwa ardhi. Mwaka 1801 Norwei ilikuwa na watu wapatao 883,000. Kufikia 1865 walikuwa milioni 1.7, nao mashamba yaliyobanwa kati ya milima na bahari hayakuongezeka kwa kiasi hicho. Mtoto asiyerithi shamba alibaki kibarua. Halafu mwaka 1862 serikali ya Marekani ikapitisha sheria iliyompa mlowezi ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano.

Habari hizo zilifika Norwei kwa barua, na barua hazikusomwa kimyakimya. Za Gjert Hovland, mkulima aliyehama mwaka 1831, zilinakiliwa kwa mkono mara nyingi na kupita kijiji hadi kijiji. Anayejua kusoma alisoma kwa sauti, jirani wakamzunguka, wakauliza, wakabishana bei ya ng'ombe wa Illinois. Huko ndiko naona chimbuko la utendaji tunaouchunguza: ulianza kabla msimuliaji hajapanda chombo.

Kule Marekani ukapata makao ya pekee katika vyama vinavyoitwa bygdelag, ambavyo kwangu ndivyo moyo wa uwanja huu. Norwei ni nchi ya mabonde, na kila bonde lina lahaja yake, fidla yake, mavazi yake. Mwaka 1899 watu waliotoka bonde la Valdres walikutana katika bustani ya Minnehaha, Minneapolis, na mkutano huo ukazaa chama cha kwanza cha namna hiyo. Vingine vingi vikafuata, kila bonde na chake. Walikuja kutoka mashamba ya mbali, wakila pamoja, wakicheza, lakini hasa wakisikilizana. Mtu aliyekuwa amekaa miongo mingi kati ya majirani Wajerumani, Waswidi na Wanorwei wa mabonde mengine alipata siku nzima ya kusikia lahaja ya mama yake ikitoka vinywani mwa mamia ya watu. Mgeni aliulizwa shamba, maana majina mengi ya ukoo ni majina ya mashamba ya kule nyumbani. Akishalitaja, kuna mzee atakayesema, "Nilimjua babu yako," na simulizi limeanza. Hapo hadhira haikai kimya. Fanani akikosea jina la mto, anasahihishwa palepale.

Maandishi yamekunywa sana kwenye kisima hiki. O. E. Rølvaag, mvuvi wa kisiwa cha Dønna aliyehama mwaka 1896 na baadaye kufundisha Chuo cha St. Olaf, Minnesota, alijenga riwaya zake za walowezi wa Dakota juu ya mambo aliyosimuliwa na wakwe zake, waliofika huko wakati hakuna nyumba wala mti. Einar Haugen, mwanaisimu aliyezaliwa Iowa, alizunguka Wisconsin na majimbo jirani miaka ya 1930 na 1940 akirekodi wasemaji. Kitabu chake cha 1953 bado ni nguzo. Na katika karne hii Janne Bondi Johannessen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oslo wakarudi maeneo hayo, wakakuta wazee wa Westby na Coon Valley wakisema Kinorwei cha mababu, baadhi yao wakiwa hawajawahi kuikanyaga Norwei.

Siku hizi masimulizi mengi hutolewa kwa Kiingereza. Utayasikia katika ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri wakati wa karamu ya lutefisk, samaki mkavu aliyelowekwa katika maji makali ya magadi hadi akalainika kama uji mzito, akiliwa na siagi iliyoyeyushwa na lefse, chapati nyembamba za viazi. Utayasikia Decorah, Iowa, yenye jumba la makumbusho la Vesterheim na sherehe ya Nordic Fest kila Julai. Kwa miongo kadhaa taifa zima liliyasikia redioni, katika kipindi alichoanzisha Garrison Keillor mwaka 1974 huko St. Paul, ambamo wakulima makapera wa Kinorwei, wasemao kidogo na kuona haya sana, walikuwa wahusika wapendwa. Nakubali kipaji kilichokuwamo. Hata hivyo nasikitika kwamba vichekesho hivyo, pamoja na vile vya Ole na Lena, mume na mke wa kubuni wenye asili ya Skandinavia, vimewafanya wasikilizaji wengi wategemee kucheka tu, hata fanani mwenye kisa cha njaa au cha mama aliyerukwa na akili kwa upweke wa mbuga anajikuta hana pa kukiweka.

Kuna ukimya mzito zaidi. Ekari zile 160 hazikuwa ardhi tupu. Wadakota, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, walifukuzwa Minnesota baada ya vita vyao na Marekani vya 1862, na walowezi wa Kinorwei wakazidi kuingia. Katika hifadhi ya Spirit Lake, Dakota Kaskazini, eneo walilotengewa Wadakota, Waskandinavia walipewa mashamba ndani ya ardhi ya Wadakota wenyewe, wakaishi ujirani mgumu kwa miaka mingi. Mwanasosholojia Karen V. Hansen aliliandikia jambo hilo kitabu kilichotoka 2013, na kilichomsukuma ni hadithi za bibi yake aliyekulia hapo. Bibi alikuwa amesimulia siku zote. Ilihitaji msikilizaji wa kuuliza swali la pili. Wanaosahaulika pia ni waliorudi. Takriban robo ya waliohama baada ya 1880 walirejea Norwei, lakini katika sherehe za Marekani ni nadra kuwasikia, kwa sababu kisa chao hakimalizikii palipojengwa ukumbi.

Anayetaka kuanza aanze na sauti. Rekodi za Haugen na za Oslo zimehifadhiwa, nyingi zikiwa na maandishi yake, na lahaja isikuogofye: sikiliza kwanza pumzi, vicheko, mahali msemaji anapoingiza neno la Kiingereza kwa ajili ya chombo cha shamba ambacho Norwei hakikuwapo. Kisha nenda kwenye mkusanyiko ulio hai, uandike yanayosemwa na waliokaa vitini kwa uangalifu uleule unaompa aliyesimama. Ukipata nafasi ya kufika Fargo au Sioux Falls, utakuta pia familia kutoka Kongo zinazosema Kiswahili nyumbani, zinazolea watoto katika miji ileile. Waombe nao wakusimulie njia waliyopitia, na uweke kinasa sauti mezani.