Medupi: Kazi Iko Kwenye Kupoza

Ukitaja mtambo wa makaa ya mawe, wengi hufikiria moto. Mimi, niliyezeekea kwenye mitambo ya umeme Dar es Salaam, huuliza kwanza utapozwa kwa kitu gani.

Chukua Medupi, ulioko Lephalale, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Ujenzi ulianza 2007 na mashine ya mwisho kati ya sita ikakabidhiwa 2021. Zote pamoja zina uwezo wa megawati 4,764, zaidi ya mara mbili ya bwawa letu la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Umeme wa Medupi huingia gridi ya taifa ya Afrika Kusini.

Makaa huletwa kwa mkanda kutoka mgodi jirani wa Grootegeluk. Husagwa yakawa laini kama unga, yakapulizwa tanurini. Maji ya boila hugeuka mvuke wenye shinikizo kali, unaozungusha tabaini mara 3,000 kwa dakika, na tabaini huzungusha jenereta. Kasheshe huanza mvuke ukishamaliza kazi, maana sharti upozwe uwe maji tena ndipo urudi kwenye boila. Mitambo mingi hutumia minara mirefu inayofuka wingu jeupe, na wingu hilo ni maji yanayopotea. Lephalale ni nchi kavu, kwa hiyo wamefunga mafeni makubwa yanayopuliza mabomba ya mvuke. Maji yanaokolewa kweli, ila mafeni hayo yanakula umeme wa mtambo wenyewe, na siku ya jua kali uzalishaji hushuka.

Uhaba huohuo wa maji unaugusa moshi pia. Mwaka 2010 Benki ya Dunia iliikopesha Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini lenye mtambo huo, dola bilioni 3.75, sehemu kubwa kwa ajili ya Medupi, kwa sharti la kufunga vifaa vya kunasa salfa. Vifaa vya namna hiyo kwa kawaida hutaka chokaa na maji mengi. Mashine zote sita zilianza kazi bila vifaa hivyo, na moshi huo wenye salfa wanauvuta watu wa Lephalale.

Jenereta nayo hupozwa, kwa haidrojeni. Kabla ya kuingiza hewa, haidrojeni yote hufukuzwa kwanza kwa kabonidioksidi, maana ikichanganyika na hewa huweza kulipuka. Fundi yeyote wa mashine hizo analijua hilo. Tarehe 8 Agosti 2021, hewa iliingia kabla haidrojeni haijaisha, jenereta namba 4 ya Medupi ikalipuka. Mashine hiyo ilirudi kwenye gridi 2025. Katikati ya miaka hiyo Afrika Kusini ilipitia mgao wa umeme mkali kuliko wote iliowahi kuuona.