Kumuuguza Mwenye ALS na Kulala Pia

Anayemuuguza mtu mwenye ALS huambiwa na kila mtu apumzike. Ni ushauri wa mapenzi, lakini haumfai mtu anayeitwa usiku kucha kuugeuza mwili usioweza kujigeuza. Tukitaka alale, tutafute kwanza kinachomwamsha mgonjwa.

ALS, ugonjwa ambao daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869, huua neva zinazoendesha misuli. Mikono na miguu hunyong'onyea, na baadaye kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Mchana, misuli ya shingo na mbavu hukisaidia kuvuta hewa. Katika usingizi wa ndoto misuli hiyo hulegea, kiwambo kikabaki peke yake. Kikiwa dhaifu, kaboni dayoksaidi hujaa kwenye damu, na ubongo humzindua mgonjwa ili avute pumzi, tena na tena, pengine bila yeye kukumbuka. Akiamka na maumivu ya kichwa, akisinzia mchana, au akikosa hewa anapolala chali, daktari aambiwe mapema. Dawa za usingizi za kujinunulia ni hatari, kwani baadhi yake huzidi kudhoofisha upumuaji. Hata oksijeni ya mtungi, ikitolewa bila uangalizi, yaweza kuongeza kaboni dayoksaidi hiyo.

Kinachosaidia hasa ni mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa. Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa wagonjwa ambao misuli ya koo haikuwa imeathirika sana waliishi muda mrefu zaidi, na vizuri zaidi, walipoitumia. Najua ni ghali na haipatikani kila hospitali. Iulizieni hata hivyo, kabla hali haijawa mbaya. Wakati mnasubiri, inueni kichwa na kifua kwa mito imara.

Mate yanayopalia na misuli inayokaza pia vina dawa, na si mambo ya kuvumilia tu. Shuka la kitambaa kinachoteleza hurahisisha kumgeuza mgonjwa.

Liko jambo jingine lisilotajwa sana: hofu ya kutosikia. Muuguzaji hulala sikio likiwa wazi, hata usiku ambao haitwi. Kengele inayobonyezwa kwa kiungo ambacho bado kina nguvu, kiwe kidole, mguu au shavu, humwondolea hofu hiyo. Ijaribuni kila jioni.

Wakiwepo watu wawili, wagawane usiku: mmoja hadi saa nane, mwingine hadi alfajiri. Saa chache mfululizo zaweza kumpumzisha mtu zaidi kuliko saa nyingi zilizokatwakatwa. Na ndugu wanaokuja mchana na chupa ya uji waombwe usiku mmoja kwa wiki. Wajifunze mchana, mgonjwa mwenyewe akiwaelekeza, namna ya kumvalisha barakoa na kumlaza upande anaoupenda.