Pikipiki Kuwaka Si Kupona

Ndugu msikilizaji, kuna maneno mawili ambayo baadhi ya mafundi wetu wa mitaani huyachanganya, na sisi wateja tunapenda yachanganywe kwa sababu bei inapungua. Maneno hayo ni kuwaka na kupona. Pikipiki iliyokaa stoo miaka kumi inaweza kuwashwa kwa mchana mmoja. Unaipa petroli safi na plagi mpya, unapiga kiki mpaka jasho linakutoka, inakohoa, inatoa moshi, watoto wa mtaa wanapiga makofi. Hapo fundi anadai chake. Lakini pikipiki hiyo haijapona. Imewaka tu.

Nasema hivi nikiwa na pikipiki moja kichwani. Iko Tabora, nyumbani kwa marehemu kaka yangu, ambaye alikuwa bwana shamba wa wakulima wa tumbaku upande wa Urambo. Ni Honda CG125. Alipostaafu aliuziwa, akaiendesha miaka michache, akaugua, akafariki. Shemeji akaifunika magunia katika chumba cha uani, na humo ikakaa miaka tisa. Mwaka jana mtoto wao wa mwisho alimaliza kidato cha nne. Kazi hakuna. Akaitazama pikipiki ya baba yake, akaona bodaboda.

Kijana hakukosea kuichagua. Pikipiki nyingi za zamani ni heri ziuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini hii ni nyingine. Pikipiki ndogo za Honda zilizoitangulia zilikuwa na kemshafti juu kabisa ya injini, na kemshafti iliyokaa juu inataka oili safi na fundi mwangalifu. Sasa katika nchi zetu mwenye pikipiki abadili oili kwa tarehe? Anabeba gunia la mahindi, mke na mtoto, anapita kwenye vumbi, na oili anaikumbuka injini inapoanza kugonga. Wahandisi walilijua hilo. Hawakutuhubiria. Mwaka 1976 walileta CG125, silinda moja, ujazo wa sentimeta za ujazo 124, kemshafti wameirudisha chini na valvu zinasukumwa kwa vijiti virefu, mtindo wa kizamani kabisa. Walirudi nyuma kwa makusudi, ili injini ivumilie uzembe.

Injini hiyo ilipendwa mno hata ikaigwa. Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa katika miji yetu tangu miaka ya 2000 zina injini iliyonakiliwa kutoka CG hiyo hiyo. Ndiyo maana leo ringi, gasketi na kebo ya klachi utazipata hata kwenye duka dogo la njiani. Hii ni neema, ila ina mtego ndani yake, nao nitaueleza nikifika kwenye habari ya kadi.

Tabora yenyewe si ngeni kwa shughuli ya kujiandaa kwa safari. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilitembea miezi miwili, mitatu, mpaka kufika Unyanyembe. Hapo njia iligawanyika: moja magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi waliishia hapo wakalipwa, na msafara ukatafuta watu wapya. Burton na Speke walifika Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi. Stanley alifika mwaka 1871 akakwama kwa karibu miezi mitatu, vita vya Mirambo vikiwa vimeifunga njia. Watu walipumzika, mizigo ikapangwa upya, ndipo safari ikaendelea. Sijui ni nani aliyetufundisha sisi wajukuu wao kuondoka siku ile ile tunayofika.

Basi jioni moja simu ikalia.

"Shikamoo baba mdogo. Imewaka!"

"Marahaba. Imewaka, nasikia mlio wake hapo. Je, inasimama?"

Kimya. Kisha akasema fundi amemwambia breki zipo, zinahitaji kukazwa kidogo tu, na kesho angependa kuijaribu hadi Urambo.

Hebu fikiri, msikilizaji. Kutoka Tabora hadi Urambo ni kilometa 90 hivi. Wakati kaka yangu anaanza kazi, njia hiyo ilikuwa mchanga mtupu. Ulikwenda polepole, ukianguka uliangukia mchangani, ukajikung'uta ukaendelea. Leo ni lami. Mabasi yanapita kwa kasi, malori ya tumbaku yanapita, na wewe uko katikati yao na breki za miaka tisa. Watu hudhani lami imeirahisishia kazi pikipiki ya zamani. Kwa injini ni kweli. Kwa breki, tairi na mpanda pikipiki, lami imeongeza hatari, kwa sababu mwendo umeongezeka na pa kuangukia pamekuwa pagumu.

Nilimwambia asiitoe uani mpaka nifike. Nilipofika tukaianza kazi upya, na tulianzia chini.

Tairi kwanza. Tairi nyingi zina herufi DOT ubavuni, na mwisho wa maandishi hayo kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hiyo ilitengenezwa kabla ya mwaka 2000 na haifai kubishaniwa. Tairi ya nyuma ya kaka ilisomeka 2211, yaani wiki ya 22 ya mwaka 2011. Kashata zake zilikuwa bado ndefu, na ndizo zilizomdanganya kijana. Lakini ukiikunja ubavuni uliona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Mpira huzeeka hata ukilala. Tuliondoa tairi zote mbili na tyubu zake.

Magurudumu yakiwa nje, tukafungua breki. Hapa naomba usikilize vizuri. CG ina breki za ngoma: viatu viwili ndani, vimegandishwa ubao wa kusugulia. Viatu vikikaa miaka mingi, gundi inaweza kuachia. Kwa nje vinaonekana vizima, kumbe siku ya kufunga breki kwa nguvu ubao unabanduka na gurudumu linaganda lenyewe. Kimoja cha mbele tulikisukuma kwa kidole gumba tu, kikatoka. Ndicho hicho ambacho fundi alitaka kukikaza kidogo. Na jambo jingine: vumbi lililomo ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo ikiingia mapafuni haitoki. Futa kwa kitambaa kibichi, kisha kitupe.

Spoku tulizigonga moja moja kwa spana ndogo; iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya mtu aliyeziba pua. Tukainua mbele na kuzungusha usukani taratibu. Ulikuwa ukinasa katikati, dalili kwamba beringi za shingo zimejichimbia vishimo. Pikipiki ya namna hiyo haiendi mahali unapotazama. Beringi mpya na grisi zikamaliza jambo hilo.

Injini tuliigusa mwisho, na haikuwa na mengi. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka ulimbo ndani ya kabureta, ile ambayo fundi aliipitishia petroli mpya juu yake. Tulivunja kabureta yote na kuzibua vitundu vyake kwa unyasi laini wa ufagio; waya usitumie, unapanua tundu na injini itakunywa mafuta mpaka mwisho wa maisha yake. Tangi lilikuwa na kutu. Tulitia kokoto ndogo safi na mafuta ya taa, tukalitikisa kwa zamu, tukahesabu kokoto zilipoingia na zilipotoka. Oili ya zamani ilitoka kama lami. Oili mpya haifiki lita moja na nusu, sasa kwa nini mtu aionee huruma? Valvu zilipimwa injini ikiwa baridi, nafasi ya milimita 0.08. Chujio la hewa lilikuwa limeraruka, na kwa mchanga wa Tabora chujio lililoraruka ni sawa na kumimina msasa ndani ya silinda. Tukaweka jipya.

Gharama ya tairi, breki na beringi ilizidi kwa mbali gharama ya injini. Kijana alilalamika kwamba fedha zote zimekwenda mahali pasipotoa sauti. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele barazani, akajibu bila kuinua uso: "Baba yako alifia kitandani, mwanangu. Wewe sitaki uletewe nyumbani na trafiki." Hakuna aliyeongeza neno.

Sasa ile kadi. Nilisema injini za Kichina zimetokana na hii, na fundi akichoka kutengeneza atakushauri uifunge nzima, kwa kuwa nyingi hukubali kukaa kwenye fremu ya Honda bila taabu kubwa. Atakwambia ni rahisi kuliko kutengeneza, na pengine anasema kweli. Lakini namba ya injini imeandikwa kwenye kadi pamoja na namba ya fremu. Ukibadili injini bila kuwaarifu TRA, unapanda pikipiki ambayo kwa karatasi ni nyingine. Askari akiikagua, au ikitokea ajali na bima ikaanza kuuliza maswali, utajieleza kwa muda mrefu. Ya kaka tuliisugua kwa mafuta ya taa mpaka namba zote mbili zikasomeka. Zinalingana na kadi.

Tatizo ni kwamba kadi yenyewe ina jina la mtu aliyekwisha kuzikwa, na familia nyingi huendesha hivyo hivyo miaka na miaka. Sisi tulikaa kikao cha ukoo. Shemeji amependekezwa awe msimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao pamoja na cheti cha kifo vimepelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahakama ikimthibitisha, ndipo atakwenda kubadili umiliki. Bima itafuata, na kijana naye yuko darasani kutafuta leseni.

Kwa sasa pikipiki imesimama uani juu ya tairi mpya. Asubuhi kijana anaiwasha dakika tano, anaizungusha uani mara mbili, anajaribu breki ya mbele, kisha ya nyuma, anaizima. Ufunguo anaurudisha kwa mama yake, naye anaufunga kwenye pindo la khanga.