Jina, Nasaba na Tarehe

Mtu akisimama barazani katika mji wowote wa mwambao akaita "Ali!", huenda akaitikiwa na watu wanne kwa pamoja, na ndiyo sababu wazee wetu hawakuridhika na jina moja, bali walimtaja mtu kwa jina lake, kisha la baba yake, kisha la babu yake, hata Ali bin Salim bin Khamis akawa mmoja tu, asiyechanganyika na Ali mwingine mtaani. Elimu hiyo ya nasaba ndiyo iliyo chini ya majina ya intaneti, na mwandishi anayejichapishia kazi zake mwenyewe hana budi kuifahamu, maana kila shairi, hadithi au makala aitoayo huhitaji jina lisiloshirikiwa na kitu kingine chochote duniani.

Hapo mwanzo, kompyuta zilizounganishwa zilipokuwa chache, majina yote yaliandikwa katika orodha moja, iliyotunzwa na ofisi moja huko Menlo Park, California, chini ya uangalizi wa Bibi Elizabeth Feinler. Orodha ilipozidi kurefuka, Paul Mockapetris alitoa mwaka 1983 mfumo wa majina ya vikoa, ambao hugawanya mamlaka ngazi kwa ngazi, kila mwenye ngazi akitawala yaliyo chini yake. Jina liishialo na co.tz husomwa kutoka mwisho: tz ni babu, yaani Tanzania, co ni baba, yaani mambo ya biashara, na neno la mwanzo ni mwana. Aliyelisajili jina hilo aweza kuzaa majina mengine chini yake kadiri apendavyo, bila ya kuomba ruhusa kwa mtu; na milki hiyo, ambayo ndani yake kauli ni yake peke yake, ndiyo rasilimali ya kwanza ya mchapishaji.

Wenzetu wa vitabu walikwisha kuijua hekima hii. Namba ya ISBN, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970 na kufikishwa tarakimu 13 mwaka 2007, nayo ina nasaba: 9966 ni ya Kenya, 9976 na 9987 ni za Tanzania; kisha hufuata namba ya mchapishaji, kisha ya kitabu chenyewe, na mwisho tarakimu moja ya kuhakiki makosa. Namba hiyo ikishawekwa katika kitabu haipewi kitabu kingine, hata mchapishaji wake akifilisika.

Jina la kikoa halina heshima hiyo, kwa sababu hukodiwa. Husemwa kuwa limenunuliwa, lakini mwenye nalo ni mpangaji, na asipolipa ijara muda ukapita, mgeni ataingia nyumba ile ile na kubandika bidhaa zake mlangoni. Leo pana mashairi, kesho pana viatu. Na mgeni huyo, bila ya nia mbaya, aweza kukipa kiatu jina lile lile ambalo jana lilikuwa la shairi.

Mwaka 2005, Tim Kindberg na Sandro Hawke walichapisha dawa nyepesi ya taksiri hiyo, nayo ni tarehe. Mwandishi huanza na neno tag, akataja jina la kikoa au anwani ya baruapepe iliyo yake, akaongeza tarehe ambayo milki hiyo ilikuwa mkononi mwake, kisha akaweka neno la kuchagua mwenyewe, kama hivi: tag:example.org,2019:hadithi-7. Akiandika mwaka peke yake, hufahamika kuwa ni siku ya kwanza ya Januari ya mwaka huo. Baadaye nyumba ihame mikono mara ngapi, aliyeingia mwaka 2024 hana haki ya kutoa majina ya 2019, maana siku hiyo hakuwa mwenyeji. Hapalipwi ada wala hapaendewi msajili yeyote.

Ila jina si anwani. Tag humtambulisha Ali, haimwonyeshi msomaji njia ya kwenda kwake. Atakaye vyote viwili hutazama namba za DOI, zitumiwazo sana na majarida ya wanazuoni, ambazo humfikisha msomaji kwenye makala hata yakihamishwa. Lakini huduma hiyo aghalabu hulipiwa, na hufaulu maadamu yuko mtu anayeandika upya anwani kila makala yanapohama. Akiacha kazi hiyo, namba itabaki, na mlango utakuwa umefungwa. Ni dhahiri basi kwamba hakuna hila ya mitambo inayolihifadhi jina peke yake. Jina hudumu kwa kuwa mtu amelikubali kuwa amana.

Kwa hiyo mwandishi na awe na daftari, aorodheshe humo kila jina alilolitoa na tarehe yake, asirudie neno alilokwisha kulitumia hata kama kazi ya kwanza ameifuta, wala asiweke katika jina kitu kibadilikacho, kama cheo chake au mpangilio wa tovuti yake. Na siku atakapoandika wasia, baada ya kutaja shamba na nyumba, aandike pia ni nani atakayekabidhiwa daftari, na ni nani atakayeilipa ijara ya kikoa mwaka utakaofuata.